Bonasi ya Kitanda cha Mlangoni

Bonasi ya kwanza kuipokea maishani mwangu nililipwa kwa sababu watu hawakufa. Ndivyo karatasi ilivyosema. Ukweli ni kwamba walikufa, ila walifia kwa jirani, na jirani huyo nilimjua vizuri kwa sababu nilikuwa nimemfanyia kazi miaka minne.

Jirani mwenyewe ni hospitali ya serikali ya mjini Kigoma, wodi ya wanawake. Nilifika pale na barua ya ajira nikitokea kwetu Singida, msichana ambaye hakuwahi kuona maji mengi kuliko ya bwawa la ng'ombe, na miaka ya wakimbizi ilikuwa imeshaanza. Kila wiki boti zilishusha watu ufukweni. Wengine walivuka mpaka kwa miguu na mafurushi kichwani. Mji ulijaa magari meupe yenye antena ndefu, na bei ya chumba ikapanda mpaka sisi watumishi wa serikali tukawa tunapanga uani kwa watu. Mimi nilipata chumba mtaa wa Mwanga, nyuma ya mafundi cherehani. Mshahara ulikuja ulipotaka wenyewe. Nilikula dagaa mpaka nikawa nawaota.

Mkuu wa wodi yetu alikuwa mama wa Kiha, mzaliwa wa kijiji cha Simbo, mfupi, miguu imevimba kwa miaka ya kusimama. Sote tulimwita Mama. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi kidogo kustaafu. Kule Simbo alikuwa ameshasimamisha kuta za nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, haina paa. Paa lilikuwa linangoja kiinua mgongo chake. Aliizungumzia nyumba ile kama mzazi anavyomzungumzia mtoto aliye masomoni, na yeyote aliyekaa naye zamu moja alitoka akijua inahitaji mabati arobaini na mawili.

Nilimwamkia kila asubuhi, na kila asubuhi aliniitikia. Nalisema hili kwa sababu wakubwa wengi kazini huitikia shikamoo kwa pua, macho yakiwa kwenye karatasi. Mama aliacha alichokuwa akifanya. Siku moja alikuwa anamshona mgonjwa, damu imemfika kwenye viwiko, nikapita nyuma yake nikasema, "Shikamoo, Mama." Alisimamisha sindano hewani, akageuza shingo akanitazama. "Marahaba, mwanangu. Haya, niletee mkasi."

Wakimbizi waliokuwa kambini walikuwa na hospitali yao, iliyoendeshwa na shirika moja la misaada. Kutoka kambi ile hadi mjini ni saa tatu za barabara ya vumbi jekundu. Mgonjwa aliyewashinda walimwandikia fomu ya rufaa, wakampakia kwenye gari pamoja na ndugu mmoja wa kumuuguza, wakatuletea sisi.

Mchana mmoja gari lao lilisimama mbele ya mapokezi. Dereva, mtu wa Ujiji, alifungua mlango wa nyuma bila kututazama usoni. Ndani alikaa mwanamume Mrundi, kichwa cha mkewe kwenye mapaja yake. Nilimgusa yule mwanamke. Alikuwa wa baridi, na shingo imeanza kukakamaa. Alikuwa amekufa njiani, na si karibu na mjini.

Sheria niliijua tangu chuoni. Aliyefikishwa akiwa amekufa haingii wodini. Wanaitwa polisi kwanza. Kwa mkimbizi balaa lilikuwa kubwa zaidi, maana yule ndugu alikuwa nje ya kambi kwa nguvu ya fomu ya mgonjwa, na mgonjwa asipokuwepo fomu nayo imekufa. Angepelekwa kituoni akae huko mpaka ofisa wa wakimbizi aje kumtambua, siku mbili, siku tatu. Jokofu la mochwari lilikuwa limeharibika kabla mimi sijaajiriwa. Kile ambacho mtu angekabidhiwa akazike baada ya siku tatu za joto la Kigoma sitaki kukieleza.

Mama alitoka, akamshika yule mwanamke mkono penye mapigo, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamwambia mume neno moja la Kiha ambalo Warundi nao wanalo, "Ihangane," yaani vumilia, pole. Akanigeukia.

"Muingizeni. Kitanda cha mlangoni."

"Mama, lakini huyu ameshaku—"

"Kitanda cha mlangoni, nimesema. Andika amefika saa nane, hali mbaya sana. Saa nane na nusu amefariki."

Niliandika kwenye kitabu cha wodi kwa mwandiko wangu. Mama akasaini chini yake. Daktari wa zamu, ambaye alikuwa na wodi tatu peke yake, alitoa hati ya kifo cha wodini bila kuuliza neno. Yule mwanamume alimzika mkewe siku ileile jua likiwa bado juu, kwenye makaburi ya mjini, na wahudumu wetu wawili walikwenda kumsaidia kuchimba.

Ikawa desturi yetu. Hakuna kikao kilichoipitisha. Aliyefika amekufa kutoka kambini alilazwa kitanda cha mlangoni, akaandikiwa nusu saa ya uhai, na ndugu yake akaondoka na hati. Nusu saa ilikuwa sadaka yetu, kwa kuwa kingine cha kutoa hatukuwa nacho. Glavu zenyewe tulikuwa tunafua tunaanika. Nilijiona mtu mwema kwelikweli. Ni raha sana kuwa mwema kwa wino wa serikali.

Magari yakaanza kuja mara kwa mara. Mwanzoni moja kwa wiki, baadaye ikawa hatushangai yakija mawili kwa siku, na wengi wa waliomo walikuwa wa kukata roho au wameshakata. Nilimuuliza yule dereva kulikoni.

"Kule kambini siku hizi hafi mtu, sista," alisema. "Mgonjwa akishakuwa wa kufa anaandikiwa rufaa. Upesi upesi, kabla hajawaharibia."

"Kuwaharibia nini?"

"Mimi dereva. Naendesha."

Na sisi, kwa ujinga wetu, tukajisifu. Tulidhani wanatuamini kuliko hospitali yao yenye dawa.

Mwisho wa mwaka shirika lilifanya sherehe mchana, kwenye bustani ya hoteli inayotazama ziwa. Wodi yetu ilialikwa, tukapewa na fulana zenye nembo yao. Mama alibaki zamu. Alisema, "Nendeni mkale. Mniletee mgebuka, ila uwe umekaangwa ukakauka." Mkurugenzi wa shirika alikuwa Mzungu wa makamo, mtu mpole, aliyejifunza kusalimia Kiha kwa kupiga makofi polepole na kuinama, mpaka wazee wa vijiji wakampenda. Simchukii. Ningependa kumchukia, ingenirahisishia mambo, lakini alikuwa mtu wa kukuuliza hali akangoja jibu. Alituita manesi wa serikali mashujaa.

Mgeni kutoka makao makuu ya shirika alihutubia, karani akatafsiri. Alisema shirika lao haliongozwi kwa maneno matupu. Kila mkurugenzi ana lengo lake ndani ya mkataba, na la huyu lilikuwa kupunguza vifo katika hospitali ya kambi. Vimepungua kuliko kambi zote wanazozihudumia. Kwa hiyo, kama mkataba unavyotaka, mkurugenzi anapewa bonasi. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, mgebuka mdomoni, halafu nikakiona kitanda cha mlangoni, na yule Mrundi amekishika kichwa cha mkewe, nikaiweka sahani ya samaki chini.

Nilitoka nje ya lango. Yule dereva alikuwa kivulini na madereva wenzake. Alinitazama akajua kwamba nimeelewa. Akaniambia kwamba kwa hiyo bonasi mtu angeweza kuilipa wodi yetu nzima, kuanzia daktari hadi mfagiaji, mpaka mvua za mwaka ujao zije ziishe. Sijui alijuaje. Madereva hujua.

Nilikwenda nyumbani nina hasira, na kitu kilichoniuma zaidi hakikuwa ukubwa wa zile hela. Mtu alipwe, hata kwa gunia, sina neno. Mshahara wetu sisi ulikuwa mdogo na mchelewaji, lakini ulikuwa na usafi mmoja ambao sikuwahi kuufikiria: haukupanda wala kushuka kwa sababu ya mtu kufa. Wafe kumi au asife hata mmoja, mwisho wa mwezi ni uleule. Hatukuwa na sababu ya kumficha maiti wala ya kumkimbiza. Yule Mzungu mpole alikuwa na sababu imeandikwa na kupigwa muhuri, na kutoka kwake ikateremka kwa mganga wa kambi, kutoka kwa mganga kwa nesi, mpaka ikamfikia dereva wa Ujiji aliyekuwa anakanyaga mafuta na maiti nyuma.

Nilimpelekea Mama mgebuka wake kesho yake asubuhi, nikamsimulia yote. Alikula, akatoa miiba mmoja mmoja akaipanga kwenye ukingo wa sahani.

"Kwa hiyo tuwakatae?" aliniuliza. "Mtu amekuja na mkewe mapajani, nimwambie nenda polisi, kwa sababu kuna Mzungu anapewa bonasi?"

Nilichukua sahani yenye miiba.

"Nipe maji ninawe," akasema. Mchana ule gari lilikuja, naye akasema kitanda cha mlangoni, kama kawaida.

Masika yalipoanza, mkoa nao ukaona. Vifo vya wodi ya wanawake vilikuwa vimepanda kupita kiasi, na sehemu kubwa walikuwa wagonjwa waliokaa nusu saa bila kupewa hata dripu. Iliundwa kamati ya watu watatu. Walikaa ofisini siku mbili, kitabu chetu mezani, wakatuita mmoja mmoja. Mama alitangulia. Alipotoka alipita mbele ya benchi nililokalia, akaniwekea mkono begani, akaenda zake wodini. Nilidhani amewaambia kile tulichokuwa tunaandika siku zote, kwamba walifika hai.

Hapa lazima niseme kilichokuwa mkobani mwangu. Ilikuwa barua ya shirika lile. Wiki moja kabla walikuwa wamenipa kazi kambini, mshahara mara nne ya wangu, nyumba, na usafiri. Hasira yangu ya bustanini ilikuwa bado ipo, lakini nilikuwa nimeomba kazi nikiwa nayo, na nikakubaliwa nikiwa nayo. Sina visingizio vya mgonjwa nyumbani wala wadogo wa kusomesha. Niliitaka nyumba ile. Nilichoka kuoga uani kwa watu.

Mwenyekiti wa kamati alinikalisha. "Sista, mwandiko huu ni wako?"

"Ni wangu."

"Mkuu wako wa wodi ametueleza kwamba wengi wa hawa wa kambini walifika wameshakufa. Anasema yeye ndiye aliyeamuru waandikwe kuwa wazima, na kwamba wewe ulifuata amri tu. Ni kweli?"

Mama alikuwa amesema ukweli wote, na alikuwa ameniweka nje yake.

"Usikie vizuri," aliendelea. "Kama walifika wafu, hapa tuna kosa la maandishi. Mama wa watu ataonywa, atamaliza mwaka wake atakwenda kupumzika, na sisi tutaliandikia shirika lijieleze. Kama walifika hai, basi ni wagonjwa waliokufa mikononi mwake kwa uzembe, na juu yake anatudanganya. Walifika hai au wafu?"

Nilifikiri juu ya wakimbizi. Nikisema wafu, nilijiambia, kuanzia kesho kila ndugu atakwenda polisi. Ilikuwa fikra nzuri, na ya kweli kabisa, nami niliishika kwa mikono miwili kwa sababu ilinisitiri. Nikisema wafu, shirika litaitwa kujieleza, na ile barua itakuwa karatasi ya kufungia karanga.

"Walifika hai," nikasema.

"Wote?"

"Wote."

Aliandika. Sikumbuki nilitoka vipi mle ofisini. Nakumbuka nilipita wodini kuchukua khanga yangu, na Mama alikuwa ameinama anambadilishia mgonjwa shuka. Sikumwamkia, nilipitia mlango wa nyuma.

Barua yake ilifika mwezi uliofuata. Alistaafishwa kwa manufaa ya umma. Ndivyo serikali inavyosema inapokuondoa kwa aibu, na umma wenyewe, wale wanawake waliolala chini kwa kukosa vitanda, hawakuulizwa wamepata manufaa gani. Kuhusu kiinua mgongo, barua ilisema suala lake litashughulikiwa. Mama alirudi Simbo na sanduku moja.

Mimi nilikwenda kambini. Dawa zilikuwepo, glavu za kutupa zilikuwepo, mshahara ulifika siku yake. Haikunichukua muda kujua fomu za rufaa ziko kabati gani. Hakuna aliyeniambia nifanye ubaya. Mganga alisema tu, kwa upole, "Huyu tumuwahishe mjini." Kulikuwa na bibi kizee wa Kirundi, mapafu yamekwisha, aliyenishika mkono akaomba arudishwe kibandani kwake afie kwenye mkeka, karibu na wajukuu. Nilimuelewa, maana lugha nilikuwa nimeanza kuipata. Nilijaza fomu. Alilia alipopakiwa, kilio kidogo kisicho na pumzi, na mjukuu wake mkubwa akapanda naye. Gari liliporudi jioni nilimuuliza dereva kama alifika hai. Alisema, "Andika unavyotaka, sista. Wewe ndiye mtaalamu."

Mwisho wa mwaka lengo lilifikiwa tena. Mkurugenzi alipata yake, na safari hii, kwa ukarimu wake, alisema wauguzi wa kambi nao wafikiriwe. Nikapewa bahasha na karatasi ya pongezi. Mkurugenzi alinipa mkono akaniuliza wazazi wangu hawajambo.

Sikuweza kuitumia. Ilikaa chini ya godoro wiki tatu. Siku ya mapumziko nilimwomba yule dereva anifikishe Simbo, na hakuuliza kwa nani.

Nyumba ilikuwa na kuta zake nzuri za matofali, na juu yake limetandazwa turubai jeupe lenye nembo ya shirika. Maturubai hayo yaliuzwa Mwanga sokoni enzi zile, wakimbizi waliyabadilisha kwa chakula. Lilikuwa limefungwa kwa kamba na kukandamizwa kwa mawe, na katikati lilikuwa limebonyea, limejaa maji ya mvua ya usiku. Mama alikaa barazani anamenya mihogo. Alikuwa amepungua sana.

"Shikamoo, Mama."

"Karibu," alisema. "Kaa hapo."

Nilikaa. Nilidhani hakunisikia. Tulizungumza juu ya mvua, juu ya maharage yaliyooza shambani. Hakuuliza habari za kazi. Mwishowe nilitoa bahasha nikampa kwa mikono miwili.

"Ya nini hii?"

"Bonasi, Mama. Nimeona nikuletee, kwa ajili ya paa."

"Bonasi ya kazi gani?"

Nilitazama mihogo. Alinisubiri kwa muda, kama alivyokuwa akiwasubiri wagonjwa wanaoona haya kusema wanaumwa wapi, kisha akaacha kunisubiri. Aliifunga bahasha kwenye pindo la khanga bila kuifungua.

"Nitanunua mabati," alisema. "Mvua haiulizi hela imetoka wapi."

"Asante, Mama."

"Kitanda cha mlangoni bado kipo?"

"Sijui, Mama. Sijafika pale siku nyingi."

"Kipo," alisema. "Unakijaza wewe."

Nilisimama. Dereva alikuwa amewasha gari. Nikasema tena lile nililoanza nalo, kwa sauti safari hii, nikiinama, ili asiweze kutolisikia.

"Shikamoo, Mama."

Aliinua uso akanitazama vizuri, kisu mkononi, kwa utulivu uleule aliokuwa akiacha nao kazi zake ili aniitikie.

"Safari njema, sista," alisema, akachukua muhogo mwingine.

Mabati aliyanunua, dereva aliniambia aliyaona yaking'aa toka barabarani. Alikufa mwaka uliofuata, kitandani kwake, chini ya bati, wajukuu wakiwa karibu. Marahaba sikuipata.